Mwanachuo Apewe Kazi ya Kweli



Kila mwaka ifikapo mwezi wa Julai, mabasi yanayoingia Biharamulo na Ngara huwashusha vijana wanaotoka vyuoni. Baadhi yao wamekuja likizo. Wengi wamekuja kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na mkononi wana barua ya chuo yenye mhuri pamoja na daftari la kumbukumbu ambalo msimamizi atapaswa kulisaini. Huzunguka ofisi hadi ofisi, na wanapopokelewa wazazi humshukuru Mungu.

Lakini je, wanapokelewa kufanya nini? Mwanachuo wa uhasibu anakaa wiki nane akinakili majina katika rejista na kutumwa dukani kununua vocha ya simu. Mwanachuo wa kilimo anapewa ufunguo wa ghala, aulinde. Mwanachuo wa maendeleo ya jamii anapanga viti vya mkutano ambao hatasikilizwa ndani yake. Siku ya mwisho daftari hujazwa kwa mkupuo, wiki nane katika jioni moja, na msimamizi ambaye hajui hata jina la pili la kijana huyo anatia sahihi bila kusoma. Kijana anarudi chuoni na alama nzuri, na mikono yake haijui lolote jipya.

Jambo hili twaliita jambo la haki. Nyuma ya kila daftari la namna hiyo yupo mzazi aliyeuza ng'ombe, au aliyetoa mapato ya kahawa ya misimu miwili, ili mtoto apate ujuzi. Mzazi huyo amelipia ujuzi, na anacholetewa nyumbani ni cheti. Aidha, kijiji kilichokuwa na haja ya mtu wa kupima maji ya kisima, au wa kuweka sawa vitabu vya chama cha akiba na mikopo, kimepitiwa na mtu huyo kwa wiki nane bila kumtumia.

Tatizo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule zinazomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Hakutaka wanafunzi walime tu. Alitaka mbolea, malisho na matuta ya kuzuia mmomonyoko vifundishwe wakati uleule vinapotumiwa, ili mwanafunzi ajue anachofanya na sababu ya kukifanya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi, likaagiza waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Agizo hilo baadaye lililegezwa.

Twakumbuka pia jinsi mambo yalivyokuwa katika shule nyingi. Shamba la shule lilibaki jembe, magugu na fimbo. Aliyechelewa alipewa mita kadhaa za kulima. Hakuna aliyeulizwa kwa nini mahindi ya upande huu ni ya manjano na ya upande ule ni ya kijani. Kazi iligeuzwa kuwa adhabu, na mtu hajifunzi kazi kwa kuadhibiwa nayo. Tunalitaja hili kwa sababu sasa lugha ya vitendo imerudi kwa nguvu: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Februari 2025, inayapa uzito mafunzo ya amali. Twaipokea kwa furaha. Hata hivyo, kumtoa kijana darasani na kumpeleka kazini bado hakujamfundisha kitu, iwapo huko kazini hakuna swali linalomngoja wala mtu wa kumsahihisha.

Tuchukue mfano wa migomba, maana huo kila mtu wa Kagera anauelewa. Ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria uligunduliwa Tanzania mwaka 2006, na uliingilia katika mkoa wetu. Mwanachuo wa kilimo anaufahamu vizuri. Anaweza kueleza kwamba majani hunyauka na kuwa ya manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa utomvu mzito wa rangi ya manjano. Anajua kwamba ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga lililokata mgomba mgonjwa, na miche iliyotolewa katika shamba lenye ugonjwa. Anajua kwamba hauna dawa ya kunyunyizia, na kwamba njia ni kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, na kung'oa au kukata shina lililougua. Katika mtihani atapata alama zote.

Sasa mpeleke katika shamba la mama mwenye watoto sita. Mama anamwambia: mwanangu, nikikata haya mashina tutakula nini mwezi ujao? Panga ni moja kwa nyumba tatu, na jirani ameliazima tangu asubuhi. Jirani mwingine haamini habari za bakteria. Anaamini shamba limerogwa. Na kijana hana neno la bakteria katika Kihangaza wala Kishubi. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Kitabu hakikumwambia jinsi ya kuzipatanisha nyumba tatu zikubali panga lipite motoni kila linapobadilisha mkono, wala kwamba mama yule huenda akakubali kuondoa shina moja moja lililougua, ambapo kung'oa kitalu chote asingekubali kamwe. Akikaa katika kitongoji hicho wiki nane, akahesabu mashina yaliyougua juma hili na juma lijalo, akaandika, akakosea, akasahihishwa na bwana shamba na wazee, atatoka ni mtaalamu. Na kitongoji kitabaki na ndizi.

Wenzetu wa fani ya afya wametutangulia katika hili. Katika chuo cha uuguzi kama kile cha Murgwanza, darasa na wodi ni majirani, na mwanafunzi hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa huku mkubwa wake akimtazama mikono. Daktari naye hupitia mwaka wa utarajali kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake. Hatushangai, kwa kuwa kosa la wodini huonekana siku ileile. Kosa la mhasibu au la mwalimu huchelewa kuonekana, na kwa hiyo tumelizoea.

Yupo pia mtu aliyepita hapa kwetu. John Magufuli alisoma Seminari ya Katoke, Biharamulo, kati ya mwaka 1975 na 1977. Baadaye alifundisha kemia na hisabati Sengerema, akawa mkemia wa Chama cha Ushirika cha Nyanza, na shahada yake ya uzamivu ya mwaka 2009 ilihusu matumizi ya mafuta ya maganda ya korosho katika kuzuia kutu. Juu ya siasa zake kila mmoja ana maoni yake. Sisi hapa tunazungumzia kemia. Maganda ambayo wabanguaji huyatupa yaliingia maabara kama swali.

Twaomba tusieleweke vibaya. Wapo waajiri waliogundua kwamba mwanachuo ni mfanyakazi asiyelipwa, na wapo wanaowaweka vijana waliokwisha hitimu katika hali ya “kujitolea” mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, wakifanya kazi kamili ya mtu mwenye mshahara. Hiyo ni dhuluma, hata ikipewa jina zuri. Mafunzo yana mwanzo na mwisho, na yana mtu anayefundisha. Wanachuo wanufaika wa Bodi ya Mikopo hupata fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini wengi wa vyuo vya kati hawana chochote; anayewapokea awape walau nauli na chakula cha mchana. Vijana nao wajue kwamba anayeomba asainiwe daftari ili arudi nyumbani mapema anamwibia mzazi wake.

Viongozi wa VIWAWA wanaifahamu njia ya Ona, Amua, Tenda ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambayo Papa Yohane XXIII aliikubali katika waraka wa Mater et Magistra wa mwaka 1961. Twashauri itumike hapa bila makuu. Kila Jumamosi jioni msimamizi akae na mwanachuo nusu saa amwulize: umeona nini juma hili? Ulichofundishwa chuoni kinasemaje juu yake, na watu wa hapa wanasemaje? Jumatatu utafanya nini? Majibu yaandikwe katika daftari lile lile la chuo, na msimamizi asisaini asichokisoma.

Hatuna budi kuanza na walivyo navyo waumini wetu. Kabla ya mwisho wa Juni, Halmashauri ya Walei ya kila kigango iandike kazi mbili au tatu zinazoweza kumalizika katika wiki nane: pampu ya kisima iliyokufa, vitabu vya kikundi cha akiba ambavyo hesabu zake hazikubaliani, mahindi yanayoliwa na dumuzi ghalani, watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma. Kando ya kila kazi liandikwe jina la mtu atakayemsimamia kijana na nyumba atakayokula. Karatasi moja yatosha. Ibandikwe mlangoni mwa kanisa na nakala iletwe kwa katibu wa tume parokiani, ili barua za vyuo zitakapoanza kufika, kijana apelekwe moja kwa moja mahali anapongojwa. Taarifa atakayoandika iwe nakala mbili, moja iende chuoni, nyingine isomwe kigangoni mbele ya wale aliowafanyia kazi.