Jela Haitibu Arosto

Teja akikamatwa mtaani, majirani hupumua. Usiku huo sufuria na ndala zitalala salama uani, na hukumu hutolewa hapohapo: apelekwe ndani, akirudi atakuwa amenyooka. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wameibiwa, na wengine ni wazazi waliochoka. Lakini wamekosea, na kosa hilo linaua.

Tutazame kinachotokea mahabusu. Saa chache baada ya kete ya mwisho ya heroini, arosto huanza: miayo, machozi na makamasi, jasho la baridi, kisha kuhara, kutapika na maumivu makali ya viungo. Hali huwa mbaya zaidi siku ya pili au ya tatu, halafu hupungua ndani ya wiki moja hivi. Hapo ndipo tunapodanganyika. Tunamkuta ametulia, amerudisha mwili, tunasema jela imemponya. Kilichoondoka ni arosto. Uraibu bado anao. Akiachiwa anarudi maskani ileile, hana kazi, na sasa ana rekodi ya kifungo. Mwili wake umepoteza uzoefu wa unga, kwa hiyo kiasi alichokimudu zamani kinaweza kumuua. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani ni za hatari kubwa mno kwa mraibu.

Hofu ya polisi nayo haimfanyi aache, humfanya ajifiche. Anayejidunga gizani kwa haraka huazima sindano ya mwenzake, na VVU na homa ya ini hupita hapo, kisha huingia majumbani kwa wake na waume ambao hawajawahi kuugusa unga.

Dawa ya kweli tunayo. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, kisha huduma ikafika Pwani. Mteja hufika dirishani, huhakikiwa, hupewa kikombe cha dawa ya maji na kuinywa mbele ya mhudumu. Dozi moja, ikipimwa vizuri, humkinga na arosto siku nzima bila kumlewesha.

Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao. Anayetumia unga huamka akiwaza pesa ya kete, na akiipata ataiwaza tena baada ya saa chache. Aliyekunywa methadoni asubuhi anaweza kushinda kazini na jioni akala na wanawe. Tofauti hiyo familia yake inaiona. Tatizo ni kwamba kutumia unga bado ni kosa la jinai, kwa hiyo dola inayomtibu asubuhi inaweza kumfunga jioni kwa kete moja aliyokutwa nayo.

Ureno ilikataa mkanganyiko huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa takriban mtu 1 kati ya 100 nchini humo alitumia heroini. Kuanzia Julai 2001, anayekutwa na dawa zisizozidi matumizi yake ya siku 10 hapelekwi mahakama ya jinai. Hupelekwa mbele ya jopo la wataalamu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, nalo humwelekeza kwenye tiba. Muuzaji bado hufungwa. Maambukizi mapya ya VVU miongoni mwa wanaojidunga yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka 15 hivi iliyofuata.

Wapinzani watataja Oregon, na wana haki ya kuitaja. Jimbo hilo la Marekani liliondoa adhabu ya jinai mwaka 2021, na kufikia Septemba 2024 likairudisha. Lakini huko mtumiaji alipewa karatasi ya faini ya dola 100 na namba ya simu ya kuombea msaada. Wengi hawakupiga, na fedha za tiba zilichelewa. Walifuta adhabu kabla ya kuandaa kliniki. Ureno ilivifanya vyote viwili pamoja, nasi tufuate mfano huo.

Kwa hiyo kumwondolea mtumiaji kifungo si kuhalalisha unga. Mwizi ashitakiwe kwa wizi wake, na mfanyabiashara wa unga asakwe hadi bandarini. Wabunge wetu wabadili sheria ili anayekutwa na kete yake apelekwe kwa daktari, na bajeti ifikishe methadoni katika kila mkoa wenye watumiaji. Nawe mzazi, ukigundua mwanao anatumia, usianzie polisi. Mpeleke kliniki angali hai.