Ekari ya Kweli na Ekari ya Trekta



Kila mvua za Novemba zikaribiapo, hapa kwetu Songea husikika kilio kimoja: bei ya kulimiwa na trekta imezidi, wakubwa wa kijiji na waipunguze. Mimi naona uchungu pamoja nao, walakini nasema wanashika mahali pasipo na jeraha. Ni nani aliyekwisha kuwauliza wenye matrekta, hiyo ekari mnayotulimia ni kiasi gani?

Ekari ya kweli ni mita za mraba 4,047. Sisi huipima kwa hatua 70 kwa 70, na desturi hiyo si mbaya, maana hatua 70 za yadi kamili zatoa ekari na ziada kidogo. Lakini dereva hana yadi, ana miguu yake. Msimu uliopita nilimfuata mmoja shambani kwangu na kamba mkononi; hatua yake ilikuwa sentimita 75. Fanyeni hesabu: kila upande mita 52 na nusu, eneo lote mita 2,756, yaani theluthi mbili za ekari na zaidi kidogo. Nilipomwonyesha, alicheka. "Mwalimu, ekari ndiyo hiyo." Tuseme bei ni shilingi 60,000, basi ekari nzima yanigharimu kama 88,000. Kijiji kikiishusha bei, atafupisha hatua, basi.

Gunia la mahindi likishindiliwa lumbesa twamwita mnunuzi mwizi, na sheria i upande wetu. Mbona ekari pungufu twainyamazia? Kitabu cha Mithali hakikukemea mizani ya sokoni peke yake.

Hata hivyo mwenye trekta naye ana haki yake. Hununua dizeli, humlipa dereva, na kazi yenyewe ni ya majuma machache tu kwa mwaka. Plau ikivunjwa na kisiki ulichonyamaza nacho (nakusema wewe, jirani), hasara ni yake. Shamba la visiki, au lililo mbali peke yake, ni haki lilipiwe zaidi, ila na yasemwe kabla injini haijawashwa.

Kijiji na kinunue kamba ya mita 64. Mraba wa pande hizo wapita ekari kwa mita za mraba 49 tu, hapunjiki mtu. Shamba lipimwe mbele ya wote wawili, vigingi vipigwe pembe nne, ndipo bei itajwe. Watoto wa darasa la sita waiweza kazi hiyo. Mwenye trekta atakayeikataa kamba, na aje mkutanoni atuambie sababu.