Sikukuu Bila ya Vizimba

Taifa hujulikana kwa kazi zake, na hujulikana vile vile kwa mapumziko yake. Kwa hivyo si jambo dogo kuuliza watoto wetu wa Pemba wapelekwe wapi skuli zinapofungwa mwezi wa Desemba, na wakifika huko waoneshwe nini. Iko rai tunayoisikia mara kwa mara, nayo ni kwamba kisiwa kisichokuwa na bustani ya wanyama kimepitwa na wakati. Na kwamba watoto wetu wakitaka kusherehekea sikukuu za mwisho wa mwaka kama wenzao wa nchi tajiri, hawana budi kujengewa vizimba, waletewe simba na chui, na miti itundikwe taa za rangi. Sisi tunaipinga rai hiyo, na hapa tutaeleza sababu zetu.

Kwanza tuitazame desturi yenyewe ilikotoka. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini Desemba ni mwezi wa baridi kali. Miti imepukutika majani, na katika nchi nyingi za huko jua huzama saa kumi au saa kumi na moja za jioni. Watu hujifungia majumbani, na bustani za wanyama hukosa wageni. Ndipo wenye bustani walipobuni njia ya kuwavuta. Katika mji wa Cincinnati, Marekani, bustani ya wanyama ilianza mwaka 1982 kuwasha taa nyingi za mapambo katika msimu huo, na baadaye bustani nyingine nyingi zikafanya vivyo hivyo. Hatuwalaumu. Mwenye giza huwasha taa, na mwenye biashara hutafuta wateja.

Lakini Pemba Desemba si baridi. Kipupwe chetu hupita katikati ya mwaka. Desemba vuli inamalizika, upepo wa kaskazi unaingia, na maembe yamewiva mitini. Mtoto wa Wete au Mkoani hana theluji ya kuikimbia wala giza la alasiri la kulifukuza. Kumchukulia taa hizo na kumwambia kwamba hiyo ndiyo sikukuu ni kumvika koti la sufi juani, kisha kumsifu kwa kutoka jasho. Hapa hatuzungumzii sikukuu ya dini yoyote. Kila mwenye dini ana siku zake, nazo zina heshima yake. Tunazungumzia tamasha lililoshonwa kwa mwili wa wengine, tukataka kulivaa bila ya kujipima.

Pili, tukitazame kizimba chenyewe. Bustani ya wanyama ya London ilifunguliwa mwaka 1828, na katika karne ile miji mikubwa ya Ulaya ilishindana kukusanya wanyama wa Afrika na Asia. Kuwa na simba wa watu kizimbani kulikuwa ni ishara ya kuwa na nchi ya watu mkononi. Mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, Carl Hagenbeck, hakutosheka na wanyama. Kuanzia mwaka 1874 aliwaleta binadamu pia, wakatazamwa kwa kiingilio. Na mwezi wa Septemba 1906, katika bustani ya Bronx mjini New York, Mwafrika kutoka Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani, makundi ya watu yakenda kumkodolea macho. Miaka kumi baadaye alijiua akiwa bado ugenini. Tunaikumbusha habari hii kwa kuwa inafundisha tabia ya kizimba. Kizimba humfanya mmoja kuwa mwenye macho na mwingine kuwa kitu cha kutazamwa. Waliotazamwa jana wana sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kuitwaa nafasi ya mtazamaji.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba bustani hizo zimeokoa viumbe. Ni kweli, na ukweli haufichwi. Chura mdogo wa Kihansi, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika milima ya Udzungwa tu, alikaribia kufutika baada ya maji ya mto kuchukuliwa kwa ajili ya umeme. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama, Bronx ikiwamo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Na mwaka 2012 kizazi cha wale waliotunzwa kikaanza kurudishwa Kihansi. Oman nako, choroa wa Arabuni alikwisha jangwani mwaka 1972 kwa kuwindwa, akarudishwa mwaka 1982 kutokana na wanyama waliokuwa wamehifadhiwa ugenini.

Tunayakubali hayo yote. Lakini tuangalie yanathibitisha nini. Yanathibitisha kwamba kizimba ni hospitali ya mnyama ambaye nyumba yake imevunjwa. Hospitali ni kitu cha kushukuriwa, na aliyepona huruhusiwa kurudi kwao. Nani amesikia watu wenye nyumba zao nzima kwenda kufanya sikukuu wodini?

Na Pemba ina ushahidi wake yenyewe, tena ulio mzito kuliko wa Bronx. Tunamkusudia popo wa Pemba, yule mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia kiasi cha mita moja na nusu, naye hapatikani pengine popote duniani. Misitu ya kisiwa hiki ilifyekwa sana, hasa mashamba ya mikarafuu yalipoenea katika karne ya 19, na popo akawa anawindwa kwa ajili ya nyama yake. Mwaka 1989 watafiti waliokuja kumtafuta waliona wachache mno. Mwaka 1996 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Lakini aliokolewa na nani? Wanavijiji walikubali kuacha kumwinda na kuyalinda makazi yake, wakisaidiwa na maofisa wa misitu wa Zanzibar na shirika la Fauna & Flora International. Vikundi vya ulinzi viliundwa. Watoto wa skuli walifundishwa. Watu wa Kidike, karibu na Mjini Ole, waliufanya msitu wao mdogo kuwa hifadhi inayopokea wageni. Baadhi ya miti waliyoilalia popo ilikuwa imesalia kwa sababu ilisimama penye makaburi na mahali pa mila, ambapo wazee hawakuruhusu shoka. Ilipofika mwaka 2007 popo walikadiriwa kupindukia 20,000, na mwaka 2008 daraja lao la hatari likapunguzwa.

Basi tuseme wazi: mila na majadiliano ya vijiji viliweza kufanya Pemba kazi ambayo kwingineko ilihitaji vizimba na safari za ng'ambo. Huo ni utamaduni wa taifa ulio hai. Seuze tuuache, twende tukaazime vyuma vya watu!

Wako watakaosema kwamba mtoto atamwona popo kila siku, na kwamba anachotaka ni simba. Hoja hii ina makosa mawili. La kwanza, kuona si kujua. Tuwaulize wanafunzi wetu: popo ni ndege au ni mnyama? Anakula nini? Wangapi watajibu kwamba hunyonyesha mtoto wake, kwamba hula maembe, mashelisheli na matunda ya mwituni, na kwamba anaporuka usiku hudondosha mbegu mbali na mti mama na kuchavusha maua? Wangapi wanajua kwamba Pemba ina aina nne za ndege ambao ni wake peke yake, miongoni mwao bundi, ninga na chozi? Wangapi wamesimama chini ya mpapindi katika msitu wa Ngezi? Mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni, Mwalimu Julius Nyerere alilalamika kwamba wengi walifundishwa ngoma za Kizungu wakabaki hawazijui za kwao. Mtoto anayemjua dubu wa barafu kwa jina wala hamjui bundi wa Konde anasumbuliwa na kasumba ile ile.

Kosa la pili ni la hesabu na la haki. Simba mmoja hula kilo kadhaa za nyama kwa siku, mwaka mzima, sikukuu na si sikukuu. Fedha hizo zingelipia magari ya kuwapeleka wanafunzi Ngezi, au zingewavusha bahari wachache wao hadi Mikumi, wakamwone simba akiwa ni simba. Simba wa kizimbani hamfundishi mtoto habari za simba. Humfundisha habari za kufungwa.

Wala isidhaniwe kwamba tunakataa kila cha kuazima. Tutazame mchezo wa ng'ombe, ambao ni sherehe ya Pemba katika majira ya kaskazi. Wengi husema asili yake ni Wareno, waliotawala pwani hii katika karne ya 16 na ya 17. Na iwe hivyo. Katika viwanja vya Hispania fahali huuawa. Pemba fahali hufungwa kamba, huchezwa kwa ngoma, zumari na nyimbo, kisha hurudi zizini kwa mwenyewe. Jambo la wageni limepitishwa katika tanuri la mila na kutoka likiwa letu. Na wachezaji nao hawana budi kuilinda sifa hiyo, fahali asiumizwe kwa ajili ya makofi ya watazamaji. Hivyo ndivyo taifa linavyoazima: huazima, hupima, hugeuza. Vizimba vyenye taa havijapimwa na mtu.

Kwa walimu, basi, tuna neno moja la kazi. Desemba ikifika, wachukueni wanafunzi Kidike kabla ya magharibi. Wakae kimya, mbali kidogo na miti, popo wasishtuliwe. Jua likizama wawahesabu wanapotoka, waandike idadi na mti, na mwaka wa pili wenzao walinganishe. Kwa wanafunzi tunasema: waulizeni wazee majina ya miti mnayopita, na myaandike kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Kazi hiyo haihitaji kiingilio kikubwa wala mtambo wa umeme. Inahitaji daftari, kalamu, na moyo wa kuthamini cha nyumbani.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Popo wa Pemba walikaribia kwisha mbele ya macho yetu, na mikono iliyowarudisha ilikuwa ni ya vijiji vyetu. Kizazi kinachokua sasa ndicho kitakachoamua kama wataendelea kuruka jioni juu ya mikarafuu. Hakitaamua vyema kama sikukuu zake zote kitazifanya mbele ya vyuma, kikitazama mateka wa mbali, na nyuma ya mgongo wake msitu wa Ngezi unapungua.