"Yes" yetu si "Yes" yao

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, nanyi wazazi mliolala porini siku nyingi kabla ya kufika hapa, leo naomba nitoe maoni yangu juu ya Kiingereza. Najua wengine watasema: huyu ameishiwa habari, watu wanatafuta chumvi na usalama, yeye anatuletea masomo ya shule. Ngojeni kwanza nieleze.

Dada mmoja wa Kabambare aliyekimbilia Uganda na watoto wake wawili alinipigia simu. Siku ya kuandikishwa, karani wa ofisi moja alimwuliza: "Don't you have other children?" Kiingereza chake kidogo kilimtosha kuelewa kwamba anaulizwa, huna watoto wengine? Akajibu: "Yes." Kwetu jibu hilo ni sahihi kabisa. Mwulize mtu yeyote hapa, "Hujala?" Atakuambia, "Ndiyo, sijala." Ndiyo yake inakubali maneno uliyosema. Kwa Kiingereza sivyo. "Yes" inasema kwamba jambo lenyewe lipo, hata kama swali limekuja kwa kukana. Karani akaandika kwamba kuna watoto wengine, akaanza kuuliza majina yao na mahali walipo. Dada akashangaa, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaonekana kama kuficha. Alienda na kurudi siku nyingi, mpaka akapata mkalimani mwenye subira, ndipo karatasi ikasahihishwa.

Simcheki, maana mimi mwenyewe niliyesoma uandishi wa habari nimeangukia hapo hapo. Mgeni mmoja alipita Kasongo, tukaongea vizuri, kisha nikagundua kwamba mashine yangu ya kurekodi ilikuwa imezimika. Naye akaiona. Akauliza: "Didn't you record it?" Nikasema "Yes", nikimaanisha ndiyo, sikurekodi, tuanze tena. Akatabasamu, akanishika mkono, akapanda gari kwenda Kindu. Jioni ile sikuwa na sauti ya kupeleka hewani.

Katika sekondari tulifundishwa aina nne za sentensi za Kiingereza: ya taarifa, ya swali, ya amri na ya mshangao. Mwalimu alieleza kwa Kifaransa, tukanakili daftarini, tukapata pointi kwenye mtihani, tukafunga daftari. Hata Kifaransa chetu kingeweza kutusaidia, kwa sababu kina neno "si" la kujibu swali la kukana, tofauti na "oui". Lakini hakuna aliyetuonyesha kwamba Kiingereza hakina neno la tatu kama hilo. Kina "yes" na "no" tu, basi.

Ugumu mwingine uko kwenye mpangilio wa maneno. Sisi tukisema "Umetoka Kabambare", tunaweza kuwa tunaeleza au tunauliza. Maneno ni yale yale, sauti tu ndiyo inapanda. Kiingereza kinageuza maneno. "You are from Kabambare" ni taarifa, "Are you from Kabambare?" ni swali. Na pale ambapo hakuna neno la kugeuza, kinaleta "do" mbele: "You have a card" inakuwa "Do you have a card?" Tena sisi tumezoea neno la kuuliza lije mwishoni: unatoka wapi, umefika lini, unataka nini. Kwao linatangulia: "where", "when", "what". Mtu aliye kwenye mstari, mtoto analia mgongoni, anasubiri mwisho wa sentensi ili ajue ameulizwa nini, kumbe neno lenyewe lilishapita mwanzoni.

Amri ndiyo watu wanaishika upesi, kwa sababu ni kitenzi peke yake: "Wait." "Sign here." Haina wingi kama ngojeni yetu, wala haibadiliki ukisema na mzee. Lakini kuna amri inayovaa nguo za swali. Ukiambiwa "Can you wait outside?", hakuna anayepima kama miguu yako ina nguvu, unaombwa utoke nje. Baba mmoja alijibu "Yes" kwa heshima zote, akabaki ameketi. Walinzi wakadhani anawadharau. Sentensi za mshangao zinaweza kungoja. Mtu aliyekimbia vita anajua kushangaa bila mwalimu.

Sasa, kwa nini haya yatuhusu sisi wa Maniema ya kusini? Namoya ilikuwa na wenye mgodi kutoka Canada. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Watu wetu wako Uganda na Kenya, ambako karatasi nyingi za ofisi ni za Kiingereza, na wengine wamepelekwa Marekani. Hata hivyo masomo mengi ya jioni ninayoyaona yanaanza na majina ya vitu: meza, kitabu, dirisha. Mimi napinga. Mtu anayehojiwa juu ya watoto wake hahitaji kwanza dirisha. Afundishwe kutambua kama anaelezwa, anaulizwa au anaamriwa, na afundishwe kujibu kwa sentensi nzima. Asiseme "Yes" tupu. Aseme "I have two children." Aseme "I don't have a card." Hapo hata "yes" ikikosewa, sentensi inamwokoa.

Nimeomba kwenye redio yetu dakika kumi kila Jumamosi baada ya matangazo ya vifo na ya watu waliopotezana. Kinachokosekana ni mwalimu. Aliye tayari, iwe hapa mjini au kati ya familia zilizotoka Salamabila, afike studio asubuhi aniulize. Malipo hakuna, chai ipo.