Si Kila Shida ni "Mtandao Unasumbua"

Mjini Babati, mwanafunzi wa kozi ya mtandaoni akikwama huambiwa neno lile lile: mtandao unasumbua. Akiambiwa hivyo mara tatu nne anaacha kozi, na ada imeshakwenda. Napinga kauli hiyo na nyingine za ukoo wake, kwa sababu zinawatoa darasani watu ambao shida yao ingekwisha kwa dakika kumi.

Wanasema Babati hakuna mtandao wa kusomea. Huu ni mji mkuu wa mkoa tangu 2002, njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake hapa. Vijijini mawimbi hupotea, hilo sibishi. Zipo pia siku ambazo tatizo linatuzidi sote: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikasuasua nchi nzima. Siku kama hiyo kubadilisha laini hakusaidii. Lakini kama WhatsApp inafunguka na mfumo wa chuo haufunguki, usiulaumu mnara. Angalia kwanza kama bando lako si la mitandao ya kijamii pekee. Kisha tazama tarehe ya simu: ikiwa imerudi nyuma miaka miwili, kivinjari kitaiona tovuti kuwa si salama na kugoma kuifungua. Ukishairekebisha na bado inagoma, jaribu kivinjari kingine.

"Mfumo umekula kazi yangu." Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana anayeisema kwa kawaida amekesha akiandika. Vyuo vingi hutumia mfumo wa masomo uitwao Moodle, na katika Moodle kupakia faili na kuwasilisha kazi vinaweza kuwa hatua mbili. Faili linaonekana pale, jina lako lipo, lakini hali ya kazi bado ni rasimu. Itabaki hivyo mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasilisha na kuthibitisha. Wengine hupiga picha kurasa nane za daftari, kila picha megabaiti nne, na mfumo unazikataa kwa uzito. Ziunganishe ziwe PDF moja iliyopunguzwa ukubwa, na jina la faili liwe fupi.

Halafu kuna saa. Mfumo ukiandika 12:00 PM, hiyo ni saa sita mchana. Anayeisoma saa kumi na mbili jioni amechelewa kwa saa sita nzima, naye anaapa kwamba mfumo umefungwa kabla ya wakati. Kozi ikiendeshwa kutoka London, saa sita mchana ya kule ni saa tisa alasiri kwetu majira yao ya baridi, na saa nane majira ya joto. Weka saa za eneo katika wasifu wako ziwe za Dar es Salaam, kisha usome tena tarehe ya mwisho.

Kwamba bila laptop huwezi kusoma, si kweli. Programu ya Moodle ya simu hukuruhusu kupakua masomo mahali penye mtandao mzuri na kuyasoma baadaye bila bando. Laptop itahitajika kwa kazi chache, hasa mitihani inayosimamiwa kwa kamera. Kwa siku hizo azima mapema.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio, wengi huona mambo yamekwisha. Moodle huhifadhi majibu kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo ingia tena upesi kwa data ya simu. Ukingoja umeme urudi, ujue muda wa jaribio unaendelea kuhesabiwa.

Na hii ya "watu wazima hawaiwezi" sitaijadili sana. Mama yule yule anayeambiwa hivyo anatuma na kupokea pesa kwa simu kila siku sokoni, na nambari yake ya siri haijui mtu mwingine.

Mwisho wanasema chuoni hawajibu. Ujumbe wa "mfumo unasumbua, naomba msaada" kweli ni mgumu kujibiwa, hata na mtaalamu mwenye moyo. Andika hivi: "Nilipakia PDF ya megabaiti 12 jana saa 2:40 usiku, kwa Chrome ya simu, likatokea onyo hili," kisha ambatisha picha ya skrini na nambari yako ya usajili.