Meli Inauliza Pampasi, Haiulizi Surua

Tarehe 3 Septemba 2025, Joseph Ladapo, Daktari Mkuu wa jimbo la Florida, alisimama na gavana wake Ron DeSantis akatangaza kwamba jimbo lao litafuta masharti yote ya chanjo, yakiwamo yanayomtaka mtoto awe amechanjwa kabla ya kuanza shule. Halitabaki hata moja, alisema, kwa kuwa masharti hayo yote ni dharau na utumwa.

Waliomjibu walizungumzia zaidi madarasa. Mimi nawaza gatini. Florida ndiyo lango kuu la meli za kitalii duniani: Miami, Port Canaveral, na Port Everglades iliyo jirani na Fort Lauderdale. Katika mwaka wa fedha wa 2024, bandari ya Miami peke yake ilihudumia abiria zaidi ya milioni 8. Humo mna familia za kila namna, zikiwamo za ndugu zetu walioko Marekani, ambao likizo ya shule ikifika hukata tiketi ya siku saba za kuzunguka Bahamas na Cozumel, mama mkwe aliyekuja kutembea yumo, na mtoto wa mwisho yumo mgongoni. Huyo wa mgongoni ndiye hoja yangu. Kampuni kubwa za meli hizi humpokea akishafikisha miezi sita. Nasema hivi: kampuni inayompokea mtoto wa umri huo imtake kila abiria aliyefikia umri wa kuchanjwa aonyeshe kwamba ana kinga ya surua, isipokuwa aliyezuiwa na daktari. Kama hilo ni zito, basi isiwapokee watoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kwa sasa mzazi anayejiandaa kwa safari hakosi masharti. Mtoto awe na miezi sita, na kwa safari zinazokaa siku kadhaa mfululizo bila kugusa nchi kavu, kama za kuvuka Atlantiki, awe na mwaka mzima. Mama mjamzito atakayefikisha wiki ya 24 kabla safari haijaisha, hapandi. Kabla ya kupanda kuna fomu: je, kuna aliyetapika, aliyeharisha, mwenye homa? Halafu kuna sharti ambalo wazazi hulilalamikia kuliko yote, la pampasi. Mtoto ambaye bado anavaa pampasi haingii kwenye bwawa la kuogelea, hata akivalishwa ile maalumu ya majini. Mwongozo huo ni wa kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kupitia mpango wake wa usafi wa meli. Mtoto huruhusiwa tu pale meli inapokuwa na sehemu ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya wavaa pampasi.

Mimi sharti hilo nalitetea. Kinyesi kidogo cha mtoto mmoja chaweza kuwaugulisha wengi, na dawa ya bwawani haiui kila kijidudu papo hapo. Lakini tazama lilivyojengwa. Linasema kwamba kitokacho mwilini mwa mtoto wangu ni jambo la abiria wote, na kwamba uhuru wangu wa kumlea nitakavyo unakomea ukingoni mwa bwawa. Abiria hulalamika kidogo, kisha hutii, na sijasikia gavana aliyewaita watumwa. Kanuni ya kumkinga mmoja dhidi ya mwingine, kwa hiyo, ilishakubaliwa melini zamani. Kilichobaki ni kueleza kwa nini inatumika kwa kuhara na haitumiki kwa surua, ugonjwa unaoua watoto.

Hapo ndipo penye uzito wote, kwa hiyo sitaharakisha.

Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Kinga hiyo hupungua mwezi hadi mwezi. Mama aliyewahi kuugua surua humpa mtoto kinga nyingi zaidi. Mama aliyekingwa kwa chanjo, kama walivyo wengi wa kizazi cha sasa, humpa kiasi kidogo kinachokwisha mapema. Kufikia miezi sita wengi wa watoto hawa wamebaki na masazo tu. Basi kwa nini wasichanjwe mara moja? Kwa sababu masazo hayohayo huizuia chanjo isishike vizuri. Ndiyo maana kila nchi huchagua umri kwa kupima mambo mawili: kinga ya mama imepungua kiasi gani, na kirusi kinazunguka kiasi gani mitaani. Tanzania na Kenya, ambako hatari imekuwa kubwa, chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ikarudiwa miezi 18. Mama yeyote atakuonyesha kwenye kadi ya kliniki. Marekani, iliyotangaza mwaka 2000 kwamba imetokomeza surua, husubiri miezi 12 hadi 15, kisha dozi ya pili kati ya miaka 4 na 6.

Hivyo mtoto wa miezi kumi wa Mombasa kwa kawaida ameshachomwa sindano yake ya kwanza. Mwenzake wa Miami hana hata moja. Na kusubiri huko kulikuwa na busara yake, maana ratiba ya Marekani ilijengwa juu ya nchi ambamo watu wazima na watoto wakubwa wamechanjwa kiasi kwamba kirusi hakipati njia ya kumfikia mdogo. Kinga ya yule wa Miami ni watu wanaomzunguka. Mwilini mwake hamna nyingine ya kutegemea.

Sasa mpakie melini. Kampuni zimeweka miezi sita kwa sababu ambazo hazina ubaya: zahanati ya melini si hospitali ya watoto, mtoto mchanga huzidiwa haraka, na hospitali iko mbali. Kwa maneno mengine, kampuni inajua fika kwamba kiumbe huyu ni dhaifu. Lakini mlango wake unafunguliwa pale pale ulinzi wa mama unapokwisha, na miezi sita kamili kabla ulinzi wa sindano haujaanza. Katika kipindi hicho mtoto anaruhusiwa kuchanganyika na maelfu ya watu (Icon of the Seas, inayosafiri kutoka Miami, hubeba abiria hadi 7,600) pasipo hata mmoja wao kuulizwa lolote kuhusu surua.

Na hachanganyiki nao sitahani tu, kwenye upepo. Meli kadhaa zina chumba cha kulelea watoto, ambapo mzazi hulipa kwa saa ili yeye akapate chakula cha jioni kwa utulivu. Kwenye meli za Disney na Royal Caribbean chumba hicho huchukua watoto kuanzia miezi sita hadi miaka mitatu. Yaani wa miezi saba, ambaye hajachanjwa kwa kuwa bado, analazwa chumba kimoja na wa miaka miwili na nusu ambaye huenda hajachanjwa kwa kuwa wazazi wake hawakutaka. Walezi wanavaa glavu na kupangusa vikalio, wanamrudisha kwa wazazi mtoto mwenye homa au tumbo la kuhara. Yote hayo yanasaidia kwa magonjwa yanayopita kwa mkono. Kirusi cha surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mgonjwa mwenyewe huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatokea, wakati anaonekana kama mwenye mafua tu, au haonekani na chochote. Watu kumi wasio na kinga wakikaa karibu naye, tisa hivi wataupata. Fomu ya gatini haiwezi kumnasa, kwa sababu inauliza dalili za leo kwa ugonjwa unaosambaa kabla ya dalili.

Watetezi wa kampuni hujibu kwamba hatujaona milipuko ya surua melini. Kweli, iliyorekodiwa ni michache. Lakini hesabu siku. Tangu mtu aambukizwe hadi augue hupita siku 7 hadi 21, na safari nyingi za Karibiani ni za siku nne hadi saba. Mtoto aliyeambukizwa Jumapili jioni baada ya meli kung'oa nanga atateremka Jumapili inayofuata akiwa anacheka, na homa itampandia nyumbani, Atlanta au Columbus. Pale itahesabiwa kuwa surua ya Georgia au ya Ohio. Meli itakuwa imeshapakia wengine. Biashara ambayo madhara yake huonekana kwa jirani haina sababu ya kujiuliza maswali, na ndiyo maana sisubiri ijiulize yenyewe.

Tunajua pia inakuwaje ugonjwa unapojitokeza watu wakiwa bado ndani. Mwishoni mwa Aprili 2019 meli ya Freewinds, mali ya kanisa la Scientology, ilifika St. Lucia ikiwa na watu takriban 300 na baharia mmoja aliyethibitika kuwa na surua. Mamlaka za kisiwa zilikataza mtu yeyote kuteremka. Zilipeleka dozi 100 za chanjo zilizoombwa na daktari wa meli, na meli ikarudi Curaçao, ambako abiria walianza kukaguliwa mmoja mmoja kabla ya kuruhusiwa kushuka. Hiyo ilikuwa meli ndogo, na mgonjwa mmoja.

Kuna hoja ya uhuru wa mzazi, na haki inanidai niitaje. Mzazi ndiye mlezi wa kwanza, serikali hukosea, na wapo watoto ambao kwa sababu za kitabibu hawawezi kuchanjwa. Hao wa mwisho nimeshawatoa, na wao ndio wanaouhitaji zaidi ulinzi wa wengine. Waliobaki wanadai uhuru wa kutochanja, na wanao. Hakuna mtu aliyelazimishwa kwenda Bahamas kwa meli yenye bembea za maji.

Kuna na hoja ya kwamba haiwezekani kukagua kadi za watu elfu saba kutoka nchi arobaini. Hii inachosha, kwa sababu ilishafanyika. Mwaka 2021 CDC iliweka kiwango cha asilimia 95 ya abiria waliochanjwa dhidi ya UVIKO-19 kwa meli zilizotaka njia ya haraka ya kurudi baharini. Kampuni ya meli ya Norwegian ilidai chanjo kwa kila abiria, hivyo watoto wa chini ya miaka 12, ambao hawakuwa na chanjo iliyoidhinishwa, wakabaki nyumbani. Ikafika hadi mahakamani kupambana na sheria ya Florida iliyokataza biashara kudai uthibitisho huo. Disney ilidai chanjo kwa watoto wa miaka mitano na zaidi kuanzia Januari 13, 2022. Kadi zilikaguliwa, foleni zilisogea, meli ziliondoka. Kinachokosekana leo ni utashi.

Turudi kwa bwana Ladapo. Siku chache baada ya tamko lake aliulizwa kwenye CNN kama idara yake ilikadiria wagonjwa wangapi wataongezeka. Akajibu kwamba haikufanya makadirio hayo. Huyu ndiye daktari ambaye Februari 2024, surua ilipoingia katika shule ya msingi ya Weston, aliwaachia wazazi waamue kama watoto wasiochanjwa waendelee kwenda darasani, ilhali utaratibu wa kawaida ni kuwakalisha nyumbani siku 21. Weston iko kaunti ya Broward, ileile yenye bandari ya Port Everglades. Mwaka 2025 Marekani ilipata wagonjwa wa surua zaidi ya 2,000, idadi ambayo haijaonekana tangu 1992, na Texas ilizika watoto wawili ambao hawakuwa wamechanjwa. Mexico, iliko Cozumel, nayo ilikuwa na mlipuko mkubwa, hasa Chihuahua. Watoto wa chekechea waliochanjwa surua Florida tayari walikuwa chini ya asilimia 90, wakati inatakiwa karibu 95 ili kirusi kikose njia. Katika hali hiyo mganga mkuu anatangaza jambo ambalo hakulipigia hesabu, kisha anayafananisha masharti ya chanjo na utumwa. Awaambie hivyo watu wa Mkunazini, Unguja, ambako soko la binadamu lilifungwa mwaka 1873. Kwetu mwambao watu huonyesha kadi ya njano ya homa ya manjano wakitoka nchi zenye ugonjwa huo, mtoto wa mwaka mmoja naye ana yake, na aliyekereka hukerekea foleni tu. Misiba ya mababu zetu isiazimwe ili mtu fulani asichomwe sindano.

Kwa haki, mabadiliko ambayo idara ya Ladapo ingeweza kuyafanya yenyewe yaligusa chanjo nne, zikiwamo za tetekuwanga na homa ya ini aina B. Surua imo katika sheria na iliachiwa bunge la jimbo. Lakini mzazi anayesikia daktari mkuu akiita masharti ya sindano utumwa hasubiri bunge. Huacha kwenda kliniki, na likizo ikifika anakuja gatini.

Kwa hiyo aliyeshika tiketi ya msimu huu na mtoto wa miezi sita hadi kumi na moja asiitegemee kampuni. Safari ya Bahamas au Cozumel ni safari ya nje ya nchi, na kwa safari za nje CDC inapendekeza mtoto wa umri huo apewe dozi ya mapema. Mwombe daktari wa watoto angalau wiki mbili kabla ya kuondoka, ili mwili upate muda wa kujenga kinga, na umwambie wazi kwamba ni meli ya kimataifa, maana ukisema "likizo ya Florida" huenda asiifikirie. Chumba cha kulelea watoto kiache kwa safari hii. Dozi hiyo haihesabiwi kwenye ratiba ya kawaida: akitimiza mwaka atachomwa upya, na kabla ya shule atachomwa tena.