Unene wa Mwezi Mwandamo

Ndugu yetu mmoja wa Makongolosi, wilayani Chunya, atuarifu kwamba nyumbani kwake mmeingia ugomvi. Jioni ya tarehe 29 Shaabani walitazama upande wa Ziwa Rukwa wasione kitu. Kesho yake mwezi ukaonekana mnene, babu akasema: "Huu ni wa siku mbili! Mmenilisha mchana wa Ramadhani." Tangu hapo mzee hasemi na mwanawe.

Basi tuanze na asili ya jambo. Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Ni jiwe kubwa, tena la rangi ya kiza, liangazwalo na jua, na katika mwanga liupokeao hurudisha kama sehemu 12 tu katika 100. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, aliandika risala nzima juu ya nuru hiyo. Nusu ya mwezi huangazwa na nusu hubaki gizani. Sisi huiona nusu ya nuru mara kwa ubavu, mara kwa uso.

Washa taa moja chumbani, shika chungwa kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa, kisha jizungushe polepole. Ukielekea taa, chungwa ni giza. Ukisogea kidogo, huonekana ukucha wa nuru. Ukiipa taa mgongo, huo ndio mwezi mpevu. Wengi hudhani kivuli cha ardhi ndicho kiumegacho mwezi. Sivyo, hicho huufikia unapopatwa tu.

Sasa unene. Mwezi hukutana na jua kila baada ya siku 29 na nusu hivi, na mkutano huo hutukia saa yoyote. Ukitukia saa saba mchana, magharibi mwezi una umri wa saa tano na kitu, wala hapana jicho liwezalo kuuona. Kesho yake umepita saa 29, umenenepa, na bado ni wa usiku wa kwanza!

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba watu waliokwenda umra walibishana vivyo hivyo huko Batn Nakhla. Ibn Abbas aliwauliza waliuona usiku gani, akauhesabu kuwa wa usiku huo.

Mzee na asomewe haya baada ya kufuturu. Na watoto waambiwe: kwetu, karibu na ikweta, mwandamo aghalabu hulala kama dau, wasiutafute uliosimama.